Chatboti Yako Inachelewa? Shika Saa Kabla ya Kushika Pochi

Swali linalofika mezani kwangu hapa Isevya, Tabora, karibu kila wiki ni lile lile, linabadilisha nguo tu. Leo limeletwa na mwenye duka la pembejeo, kesho na mwalimu, keshokutwa na kijana wa chuo anayehangaika na mradi wake wa mwisho: "Fundi, chatboti yangu ilikuwa inajibu papo hapo. Sasa mteja anauliza, anasubiri, anakata tamaa anaondoka. Kanzidata imekuwa kubwa. Ninunue kompyuta gani?"

Nawaandikia nyote kwa pamoja kwa sababu jibu ni moja: usinunue kitu wiki hii. Nimeona watu wakitoa pesa ya msimu mzima wa tumbaku kununua mashine mpya, wakahamishia kanzidata ile ile na programu ile ile, na siku ya tatu wakarudi na malalamiko yale yale. Inauma, maana shida yenyewe ingeondoka kwa mistari mitatu ya msimbo au kijiti kimoja cha RAM. Kanzidata kuwa kubwa, peke yake, ni nadra kuwa kosa. Kosa huwa katika namna unavyotafuta ndani yake, na katika wingi wa vitu unavyovivuta humo kila mteja anapouliza.

## Kwanza, yako ni ya kundi gani?

Dawa ya kundi moja haiponyi kundi jingine, kwa hiyo jipange kabla ya kuendelea.

- Ya majibu yaliyoandikwa. Umekaa ukaandika maswali na majibu. Programu inatafuta jibu linalokaribiana na swali. Hizi ndizo za zamani kabisa. ELIZA ya Joseph Weizenbaum ilitoka MIT mwaka 1966, na A.L.I.C.E. ya Richard Wallace ilianza 1995 ikaja kuwa na makumi ya maelfu ya kanuni. Zote ziliendeshwa na kompyuta dhaifu kuliko simu uliyoshika. Kama yako ni ya kundi hili na inakula sekunde ishirini, usiilaumu prosesa.
- Ya modeli iliyo mbali. Swali linasafiri kwenye intaneti hadi seva za kampuni fulani, jibu linarudi. Kompyuta yako ni tarishi tu.
- Ya modeli ya nyumbani. Modeli nzima imekaa kwenye mashine yako. Hapa ndipo maunzi yana sauti kubwa.

Makundi ya pili na ya tatu mara nyingi nayo yana kanzidata pembeni: bei, nyaraka, miongozo, ambavyo programu huvitafuta na kuipa modeli ivisome kabla ya kujibu. Kwa hiyo usiruke sehemu ya kanzidata kwa kudhani haikuhusu.

## Shika saa

Ongeza kwenye programu yako mistari inayoandika muda katika vituo vinne:

1. Ujumbe wa mteja umeingia.
2. Kanzidata imerudisha ilichotafuta.
3. Neno la kwanza la jibu limetoka.
4. Neno la mwisho limetoka.

Uliza swali moja mara kumi. Muda wa mara ya kwanza uandike peke yake, usiuchanganye na mengine, kwa sababu mara ya kwanza kompyuta inasoma kutoka kwenye diski na mara zinazofuata inasoma kilichokwisha kuingia kwenye RAM. Kisha rudia jioni, wateja wakiwa wengi.

Sasa soma karatasi yako:

- Muda mwingi uko kati ya 1 na 2: ugonjwa uko kwenye kanzidata au diski.
- Uko kati ya 2 na 3: modeli inasomeshwa mambo mengi mno, au mtandao umebanwa, au kuna foleni.
- Uko kati ya 3 na 4: modeli ni nzito kuliko kompyuta, au majibu yako ni marefu kupita kiasi.
- Mara ya kwanza tu ndiyo mbaya: kuna kitu kinalala na kuamshwa. Wanaotumia Ollama hukutana na hili sana. Usipoiambia vinginevyo, huiondoa modeli kwenye RAM baada ya dakika 5 bila swali. Modeli ya GB 4 kwenye diski ya kuzunguka inayosoma MB 100 kwa sekunde huchukua sekunde 40 kurudi. Duka lenye mteja mmoja kila robo saa litakutana na hizo sekunde 40 kila mara, na mwenye duka ataapa kwamba mashine ni mbovu. Ongeza muda wa modeli kubaki kwenye kumbukumbu, basi.

"Lakini fundi, mimi si mtaalamu wa msimbo." Basi tumia saa ya simu na ufungue orodha ya shughuli za kompyuta, ile inayoonyesha matumizi ya prosesa, RAM na diski. Uliza swali, utazame. Diski ikipanda hadi asilimia 100 huku prosesa ikiwa kwenye asilimia 5, umeshapata nusu ya jibu bila kuandika mstari hata mmoja.

## Asali na laki moja na elfu themanini

Kuna mama mmoja muuza asali aliyeniita asubuhi. Chatboti yake iko kwenye WhatsApp, inajibu maswali ya bei, ukubwa wa ndoo na usafirishaji. "Mwangaluka, fundi," akanisalimu, "mashine imezeeka hii, nitafutie nyingine." Nikamwambia, "Mama, tuipime kwanza, haitatuchukua nusu saa."

Nilituma swali kwa simu yangu: bei ya lita moja. Nikaweka kiganja juu ya boksi la kompyuta. Diski ikaanza kukwaruza, mtetemo nikausikia mkononi, ukaendelea, ukatulia kidogo, ukaanza tena. Jibu lilifika baada ya sekunde 19. Prosesa muda wote huo ilikuwa inapumzika.

Tulipofungua faili la kanzidata tulikuta MB 900 na mistari 180,000. Majibu ya kweli yalikuwa 400. Yaliyobaki yote yalikuwa kumbukumbu za mazungumzo ya miaka miwili, kila ujumbe na maelezo yake yote ya kiufundi, yamewekwa kwenye jedwali moja na majibu. Kila mteja alipouliza, programu ilisoma faili lote tangu mwanzo hadi mwisho, na ilifanya hivyo mara mbili: mara ya kwanza kutafuta jibu, mara ya pili kutafuta kama mteja huyo aliwahi kuuliza. MB 900 kwa mwendo wa MB 100 kwa sekunde ni sekunde 9. Mara mbili, 18. Na kwa kuwa mashine ilikuwa na RAM ya GB 4, nyingi ikiwa imeliwa na Windows na kivinjari, faili halikupata nafasi ya kubaki kwenye kumbukumbu, likasomwa upya kila safari.

Tuliyahamishia majibu 400 kwenye jedwali lake, kumbukumbu kwenye faili jingine, na namba za wateja tukazitengenezea faharasa. Tukatuma swali tena. Jibu liliingia kabla sijaondoa kidole kwenye simu. Kompyuta ni ile ile, na hadi leo iko pale.

## Faharasa, na mtego wa viambishi vyetu

Faharasa ni orodha iliyopangwa inayoiambia kanzidata kitu kiko wapi. Bila faharasa, mistari milioni 1 husomwa yote milioni. Ukiwa na orodha iliyopangwa, unagawa nusu kwa nusu, na hatua kama 20 zinatosha kufikia mstari unaoutaka. Mistari ikifika milioni 2, hatua inaongezeka moja tu. Ndiyo maana nasema ukubwa peke yake hautishi.

Kwa wanaotumia SQLite, weka maneno EXPLAIN QUERY PLAN mbele ya ulizo lako. Kwa jedwali la kawaida, ukiona SCAN, linasomwa lote. Ukiona SEARCH, faharasa inatumika.

Sasa tuje kwenye mtego ambao vitabu vya kigeni havikuambii. Mteja mmoja anaandika "nimelipa", wa pili "nitalipaje", wa tatu "malipo", wa nne "kulipia". Shina liko katikati ya neno, mbele limevaa viambishi, nyuma limevaa viambishi. Mtengenezaji akiona hivyo anaandika LIKE '%lip%' na kwa kweli anapata maneno yote. Ila hiyo alama ya asilimia iliyokaa mwanzoni imeua faharasa. Faharasa ya kawaida imepangwa kwa herufi ya kwanza kama kamusi. Mwambie mtu akutafutie kwenye kamusi kila neno lenye "lip" mahali popote ndani yake, uone kama mpangilio wa A hadi Z utamsaidia. Atalazimika kusoma kurasa zote.

La kufanya:

- Tumia FTS5, sehemu ya SQLite ya kutafuta ndani ya maandishi, na uchague mkato wake uitwao trigram. Ulianza kupatikana kwenye toleo 3.34.0 la Desemba 2020. Hukata maneno vipande vya herufi tatu tatu: "malipo" huwa mal, ali, lip, ipo. Faharasa inajengwa juu ya vipande hivyo, kwa hiyo shina lililofichwa katikati linapatikana haraka.
- Jua gharama zake. Faharasa hii ni kubwa, na haitafuti kitu chenye herufi chini ya tatu.
- Usiwashe mkato uitwao porter ukidhani unasaidia. Kanuni zake ziliundwa na Martin Porter kwa ajili ya Kiingereza, hazina habari na ni-, -me- wala ku-.
- Tengeneza nakala ya faili kwenye diski nyingine kabla ya kubadili chochote. Hili sitaki kulijadili. Tumepoteza kazi za watu hapa mtaani kwa kulipuuza.

Kosa jingine liko kwenye kuandika. Kila ujumbe unapohifadhiwa, SQLite husubiri diski ithibitishe kwamba kweli imeandika. Diski ya kawaida huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani 120 kwa sekunde, kwa hiyo haiwezi kuthibitisha zaidi ya makumi ya uandishi kwa sekunde. Programu inayoandika mara tano kwa kila ujumbe itabanwa siku ya wateja wengi. Kusanya maandishi hayo yaingie kwa mkupuo mmoja, na uwashe hali ya WAL kwa amri PRAGMA journal_mode=WAL, ili wanaosoma wasimsubiri anayeandika.

Na kwa wanaotafuta kwa maana, si kwa neno, kwa kutumia orodha za namba zinazowakilisha kila aya: piga hesabu kabla ya kukimbilia mifumo mikubwa. Aya 50,000, kila moja ikiwa na namba 768 za baiti 4, ni kama MB 154. Zinaingia kwenye RAM ya mashine yoyote ya ofisini na kupitiwa zote kwa muda usiohisika. Maktaba ya shule, miongozo ya ufugaji nyuki, vyote vinakaa humo.

## RAM kwanza, prosesa baadaye

Hapa naongea na wenye modeli ya nyumbani.

Modeli huandika jibu kipande kwa kipande. Vipande hivyo huitwa tokeni. Tokeni ni neno fupi au sehemu ya neno. Ili kutoa tokeni moja, kompyuta hupitia karibu uzito wote wa modeli kutoka kwenye kumbukumbu. Modeli ya vigezo bilioni 7 iliyobanwa kwa biti 4 ina uzito wa kama GB 4. Kwa hiyo swali la msingi ni: kumbukumbu yako inapitisha GB ngapi kwa sekunde? Gawa kwa 4, umepata dari ya tokeni kwa sekunde. Utafika chini ya hapo, hutafika juu.

- DDR3-1600, kijiti kimoja: GB 12.8 kwa sekunde. Dari ni tokeni 3.
- DDR3-1600, vijiti viwili kwenye njia mbili: GB 25.6. Dari ni 6.
- DDR4-3200, vijiti viwili: GB 51.2. Dari ni kama 12.
- Kadi ya michoro (GPU) ya GeForce RTX 3060 yenye GB 12: GB 360. Dari ni 90.
- Diski ya kuzunguka, pale RAM inapojaa na mashine kuanza kuhamishia mzigo diskini: GB 0.1. Tokeni moja kila sekunde 40.

Tazama mistari miwili ya juu. Prosesa ni ile ile, mashine ni ile ile. Kijiti cha pili cha RAM kimeipandisha dari mara mbili. Kompyuta nyingi za mtumba zinazofika kwetu zinakuja na kijiti kimoja. Fungua boksi uhesabu. Ukiongeza, chomeka kwenye nafasi za jozi, ambazo kwenye bodi nyingi zina rangi moja, na uhakikishe aina inalingana: DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4, na muuzaji mwenye haraka hatakukumbusha.

Na tazama mstari wa mwisho, maana ndio unaoleta watu kwangu wakiwa wamekata tamaa. Modeli ya GB 4, Windows yenyewe, kivinjari chenye kurasa kumi: RAM ya GB 8 imejaa. Ikijaa, hakuna prosesa itakayokuokoa. Anza na GB 16. Kama huwezi leo, funga kivinjari na utumie modeli ya bilioni 3, ambayo ni karibu nusu ya uzito. Ila ijaribu kwanza kwa maswali 30 ya wateja wako wa kweli, kwa sababu modeli ndogo nyingi hutetereka kwenye Kiswahili, na jibu la haraka lililokosewa linamdhuru mkulima kuliko jibu linalochelewa.

"Na prosesa haina kazi?" Inayo, tena sehemu mbili. Ya kwanza ni wakati wa kusoma swali, nitaieleza sasa hivi. Ya pili ni mtego wa kununua mtumba: programu nyingi za kuendesha modeli hutegemea maagizo ya prosesa yaitwayo AVX2, yaliyoingia kwenye Intel Core kizazi cha 4 mwaka 2013. Kizazi cha 3 hakina, na Celeron na Pentium nyingi hazina hata za baadaye. Bila AVX2 programu hukataa au hujikokota. Kwenye Linux andika lscpu uone orodha. Fanya hivyo dukani, kabla ya kulipa.

## Usiilishe modeli ghala zima

Hapa ndipo kanzidata na maunzi vinapokutana, na ni sehemu ambayo watu hawaioni.

Mtu ana miongozo ya kurasa mia tano. Kwa kuogopa kukosa jibu, anaiagiza programu ivute aya 20 kila mteja anapouliza, modeli izisome zote ndipo ijibu. Aya 20 ni rahisi kufika tokeni 3,000. Kompyuta ya ofisini isiyo na kadi ya GPU inayosoma tokeni 30 kwa sekunde itamaliza kusoma baada ya sekunde 100, na hapo haijaandika neno la kwanza. Mteja aliuliza bei ya mzinga.

- Vuta aya 3. Ongeza moja moja ukiona majibu yanapungukiwa, na kila mara upime.
- Fupisha maelekezo ya mwanzo unayoipa modeli. Nimeona ya kurasa mbili yanayorudia jambo moja kwa maneno tofauti.
- Usibebe mazungumzo yote ya zamani. Jumbe sita za mwisho hutosha kwa duka.
- Iambie modeli ijibu kwa sentensi tatu. Jibu likipungua nusu, kusubiri kati ya kituo cha 3 na cha 4 nako kunapungua nusu.
- Kama jukwaa lako linaruhusu, onyesha maneno yanavyotoka badala ya kungoja jibu likamilike. Muda ni ule ule, lakini mteja haachi.

## Kiswahili kina mzigo wake

Modeli nyingi zimefundishwa zaidi kwa Kiingereza, na orodha zao za vipande zimejaa maneno ya huko. Neno kama "wanaotufundisha" hukatwakatwa vipande vingi, wakati neno la kawaida la Kiingereza hupita kama kipande kimoja. Maana ile ile, tokeni nyingi zaidi, kusubiri zaidi, na kwa wanaolipia kwa tokeni, gharama zaidi. Mtu anayesoma majaribio ya kasi ya Kiingereza na kutegemea kasi hiyo kwa Kiswahili atajikuta amedanganyika.

Wapo waliolishughulikia jambo hili hapa kwetu. Jacaranda Health ya Kenya, inayohudumia kina mama wajawazito na waliojifungua, ilitoa UlizaLlama mwaka 2023: ilichukua Llama 2 ya Meta yenye vigezo bilioni 7, ikaifundisha Kiswahili na kuiongezea msamiati wa vipande vya Kiswahili. Faida ya msamiati huo ni kwenye ufahamu na kwenye mwendo pia.

Jaribio la dakika tano: chukua aya moja ya majibu yako, iingize kwenye modeli mbili unazozifikiria, linganisha idadi ya tokeni. Moja ikiikata vipande 150 na nyingine 240, unajua tayari ipi itachelewa kwenye mashine ile ile.

## Modeli ikiwa mbali

Wakazi wa Tabora tunaijua habari ya kusubiri kitu kutoka pwani. Machi 1872 mpelelezi Stanley aliondoka Kwihara, karibu na mji wetu, akamwacha mpelelezi mwenzake Livingstone pale kwenye tembe akingoja wapagazi na vifaa ambavyo Stanley angevituma kutoka pwani. Vilifika Agosti. Miezi mitano ya kungoja, na aliyekuwa akingoja hakuwa na upungufu wowote wa maarifa.

Leo mwanga kwenye waya wa kioo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva ikiwa umbali wa kilomita 10,000, kwenda na kurudi ni sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwa hiyo ukisubiri sekunde 15, umbali wa Ulaya si wa kulaumiwa. Angalia haya:

- Simu inayotoa intaneti iko kwenye kona yenye mawimbi hafifu. Isogeze dirishani upime tena.
- Laini moja inagawiwa watu wanane, na mmoja anapakua filamu.
- Programu inafungua muunganisho mpya kwa kila swali badala ya kutumia uliopo.
- Mtoa huduma ana foleni. Pima saa nne asubuhi na saa tatu usiku ulinganishe.

Na kuna siku njia yenyewe inakatika. Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilikatika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia. Siku kama hiyo, chatboti inayotegemea modeli ya mbali tu inaweza kunyamaza. Yenye majibu yake ya msingi hapa hapa ina nafasi ya kuendelea kutaja bei na saa za kufungua.

Ndiyo sababu nasisitiza akiba ya majibu. Wafanyabiashara wa misafara hawakuagiza kila kitambaa na kila ushanga kutoka Bagamoyo mteja wa Ujiji alipouhitaji. Waliweka ghala njiani, Unyanyembe, hapa kwetu Tabora. Fanya hivyo: hesabu maswali ya mwezi mmoja, chukua hamsini yanayorudiwa zaidi, yahifadhi pamoja na majibu yaliyosomwa na kuthibitishwa na mtu. Swali likilingana, lijibiwe kutoka ghalani bila kuiamsha modeli.

Tahadhari mbili. Majibu yenye bei, akiba ya bidhaa au tarehe yawekewe muda wa kuisha, saa chache tu. Na chochote chenye taarifa za mteja binafsi, deni lake au afya yake, kisiingie kwenye akiba ya pamoja hata kidogo.

## Vumbi na joto

Ni fupi lakini usilipite. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Septemba na Oktoba, kabla mvua haijaanza, mashine iliyojaa vumbi chini ya bati hujibu polepole mchana na vizuri alfajiri. Ukiona tofauti hiyo kwenye karatasi yako ya vipimo, zima, chomoa waya, fungua, puliza vumbi kwenye feni na kipozeo, badilisha ule uji unaopakwa kati ya prosesa na kipozeo kama umekauka. Iondoe sakafuni. Nunua UPS: umeme ukikatika katikati ya kuandika, ni kanzidata inayokuwa hatarini.

## "Si ninunue GPU tu niachane na haya yote?"

Kama modeli yako iko nyumbani, wateja wako ni wengi, na umeshapima ukaona muda unaliwa kati ya kituo cha 2 na cha 4, ndiyo, GPU itabadilisha maisha yako. Hakikisha modeli nzima inaenea ndani ya kumbukumbu ya kadi, maana sehemu ikibaki nje utarudi kwenye mwendo wa RAM. Hakikisha pia pawasapulai inatosha: RTX 3060 peke yake inahitaji hadi wati 170, na maboksi madogo ya ofisini mengi hayana hata waya wa kuichomeka. Kwa chatboti ya majibu yaliyoandikwa, au ya modeli ya mbali, GPU haitakusaidia chochote.

## Pesa yako ifuate mpangilio huu

1. Bure: vipimo, kutenganisha kumbukumbu na majibu, faharasa, aya chache, majibu mafupi, akiba ya majibu.
2. SSD badala ya diski ya kuzunguka. Hata ya SATA hufika karibu MB 550 kwa sekunde, na ina faida kubwa zaidi kwenye kurukaruka kutafuta vipande vidogo, ambako diski ya kuzunguka hupoteza kama milisekunde 10 kila mruko.
3. RAM, kwa jozi.
4. UPS na usafi.
5. GPU, au mashine mpya.

Baada ya kila hatua, rudia vipimo vile vinne na uviandike chini ya vya zamani kwenye karatasi ile ile. Yule mama wa asali kaibandika ya kwake ukutani, juu ya ndoo, na safari hii aliponipigia simu hakuniuliza anunue nini. Alinisomea namba: kituo cha 2 hadi cha 3, sekunde 6, tangu Jumatatu. Nilimwambia aangalie simu inayotoa intaneti iko wapi. Ilikuwa imehamishiwa nyuma ya kabati.